Mjomba Asiyesikika

Simu ya mjomba Mangatas ilimkuta Dameria darasani, akimfuta kamasi mtoto wa chekechea ambaye alikuwa hataki kufutwa. Aliibana simu kati ya sikio na bega.

"Horas, Mjomba."

"Wacha salamu zako za horas. Nataka uniambie kitu kimoja tu, mpwa wangu. Nimekukosea nini?"

Dameria akamwachia yule mtoto, akatoka hadi barazani. Mvua ya asubuhi ilikuwa bado inachuruzika kwenye bati, na sauti ya mjomba ilikuwa juu kiasi kwamba hata mwalimu mwenzake wa darasa la pili aliinua macho.

"Mjomba, mbona sikuelewi?"

"Hunielewi! Jana nimewaita wazee wa ukoo wangu nyumbani. Nimewapikia. Nimewaambia, njooni muone video ya mpwa wangu, msomi, mwalimu. Nimewasha na spika kubwa. Kila mtu kaongea humo ndani. Mchungaji kaongea. Diwani kaongea. Hata yule mlevi wa Porsea aliyekuja kufuata nyama, na yeye kaongea! Ikafika zamu yangu. Nimesimama, shuka la ulos mkononi, midomo inacheza. Sauti hakuna! Ngoma tupu. Wazee wananitazama kama wanatazama bubu anayefukuza nzi."

"Haiwezekani. Mimi mwenyewe nilikusikia nilipokuwa naitengeneza."

"Kwa hiyo mimi mwongo?"

"Sijasema hivyo, Mjomba."

"Ulipotugawia nyama nilipata shingo badala ya ubavu, nikanyamaza. Nikasema watoto, hawajui. Lakini kunyang'anywa na maneno yangu? Hapana, Dameria. Hapana."

Akakata.

Mtu asiyewajua Wabatak angeweza kucheka, kwamba mzee mzima anagomba kwa sababu ya video. Lakini Dameria hakucheka. Kwao, kwenye shughuli, kila mtu ana mafungu yake mawili: fungu la nyama na fungu la maneno. La nyama ukilikosa unaweza kulipwa kesho kwa kuku. La maneno ukinyimwa, umeambiwa mbele za watu kwamba wewe si kitu. Na mtu wa mwisho duniani wa kunyimwa fungu lake ni mjomba, kaka wa mama, ambaye baraka zote za nyumba hupitia mkononi mwake.

Shughuli yenyewe ilikuwa kubwa. Mwezi uliopita familia ilikuwa imeifukua mifupa ya baba yake Dameria, marehemu Jonggi Siahaan, ikaiosha, ikaiingiza katika kaburi jipya la ukoo, la saruji na vigae, juu ya kilima nje ya mji wa Balige. Walichinja nyati. Ngoma za gondang zilipigwa tangu asubuhi. Mjomba Mangatas, akiwa kaka wa mjane, ndiye aliyeifunika ile mifupa kwa ulos na kutoa neno. Dameria alirekodi picha na sauti zote kwa simu mbili na kinasa sauti chake kidogo, akazikalia wiki nzima kwenye kompyuta, akakata, akaunga, akaweka majina, ili watu wa mbali waone. Hasa mdogo wake, Sahat, fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana ya meli huko Batam, aliyenyimwa ruhusa ya kuja kumzika baba yake mara ya pili.

Watoto walipokwenda kwao, Dameria alifungua kompyuta palepale kwenye meza ya walimu, akavaa hedifoni, akaisogeza video mpaka kwenye hotuba ya mjomba. Mjomba huyo hapo, na sauti yake hiyo hapo, nene, na kikohozi chake kile cha sigara za kretek. Akaifungua programu ya kuhariria, akakagua mstari wa sauti wa ile hotuba, asije akawa ameuzima bila kujua wakati wa kuitoa video kama faili. Haukuwa umezimwa. Vile vijiti vya kijani vilikuwa vinapanda na kushuka kama kawaida.

"Basi ni mtandao," alijisemea. "Kundi la WhatsApp la ukoo hubana video mpaka zinatoa machozi."

Akaitoa upya, safari hii akachagua aina nyingine ya sauti, ile ambayo hata simu kuukuu huifungua. Akaikopi kwenye flashi, akampa dereva wa basi dogo aliyekuwa anapita Laguboti, ampelekee mjomba huko kwake. Faili lingine akamtumia Sahat, akamwandikia: Sikiliza hotuba ya Mjomba, uniambie kama unasikia.

Sahat alipiga simu wakati wa mapumziko ya chai. Nyuma yake vyuma vilikuwa vinalia.

"Nimemsikia dada, hadi kikohozi. Nimekaa nimeziba masikio kwa spika zangu za masikioni nalia kama mtoto, wenzangu wananicheka. Kwani kuna nini?"

"Mjomba anasema hasikiki."

"Mjomba anatafuta sababu. Si unamjua? Amekumbuka ile shingo."

Dameria naye akaelekea kuamini hivyo. Mjomba Mangatas hakuwa mtu wa kuishiwa sababu. Jioni ile ile ujumbe ukaingia kutoka Laguboti, wa maandishi, na mjomba akiandika badala ya kupiga ujue mambo yameharibika: Flashi nimeiona. Bado bubu. Usinitumie tena.

Alirudi nyumbani akiwa amekasirika, amejiandaa kumweleza mama yake jinsi kaka yake alivyo. Alimkuta mama, Tiominar, amekaa kwenye kigoda jikoni, simu imeegemezwa kwenye sufuria la wali, miwani puani. Mama hakugeuka.

"Hakusema," alisema.

"Nani?"

"Kaka yangu. Mlinidanganya, wewe na wenzako. Mmeniambia alimwita baba yako shemeji. Nimeitazama hii mara ya tatu sasa. Anafungua mdomo tu. Mmemfuta kwa sababu hakusema."

Hapo ndipo Dameria alipoketi.

Habari ya shemeji ilikuwa habari ndefu. Jonggi alikuwa dereva wa lori la mahindi alipomtorosha Tiominar, bila posa, bila baraka. Baadaye alirudi akapiga magoti, akatimiza mila zote mpaka ya mwisho, na ukoo wa kina Tiominar, wa Tampubolon, ukampokea. Wote isipokuwa Mangatas. Huyo alipokea nyama, alikula, alihudhuria, alibariki watoto walipozaliwa. Lakini neno "shemeji" halikuwahi kumtoka. Jonggi alikuwa "yule dereva." Muulize dereva kama atakuja. Mwambie dereva chai iko tayari. Jonggi alikuwa akiitikia kwa kucheka, na Tiominar alikuwa akiumia kwa niaba yake, miaka yote, hadi Jonggi akafa akiwa bado dereva.

Siku ya mifupa, mjomba alipoinuka kusema, Tiominar hakuwepo. Jua, njaa na kilio vilikuwa vimemtia kizunguzungu, wanawake wakamlaza ndani ya nyumba, wakampaka mafuta ya karafuu. Aliamka hotuba imekwisha. Watu walimwambia: kaka yako amemwita shemeji, mbele ya kaburi, na machozi juu. Hakusadiki. Alijua watu huwaambia wajane mambo mazuri. Akasema atasubiri video.

"Mama, nipe hiyo simu."

Akairudisha nyuma mwenyewe. Ngoma za gondang zilisikika, kwa mbali, kama alivyoziweka. Mjomba alikuwa anafungua mdomo na kuufunga kama samaki wa bwawani wakati wa kulishwa. Sauti hakuna. Dameria akaongeza, ngoma zikaongezeka. Akairudisha nyuma zaidi hadi kwa mchungaji, mchungaji huyo hapo, anasikika wazi. Akarudi kwa mjomba. Kimya. Lilikuwa faili lile lile alilolisikiliza mchana kwa masikio yake mawili.

"Haiwezekani," alisema tena, lakini sasa kwa sauti ndogo.

"Ndiyo hiyo haiwezekani yako," mama akajibu, akainuka kwenda kutia kuni.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Dameria aliifunga kompyuta kwenye mfuko wa plastiki, juu yake akaongeza mwingine, akaiweka kifuani ndani ya koti la mvua, akapanda pikipiki yake kwenda Laguboti. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamejaa maji kando ya barabara na bata walikuwa wametawala. Njia nzima alikuwa akijipanga atakavyosema. Alipofika hakusema hata moja kati ya hayo, kwa sababu mjomba alikuwa amekaa sebuleni, kifua wazi, sarongi kiunoni, na alipomwona aligeuza uso akaitazama kalenda ya kanisa ukutani.

"Horas, Mjomba."

Kalenda haikujibu.

"Karibu mwanangu," alisema mkazamjomba Hotmaida akitokea jikoni. "Usimjali. Tangu juzi anaongea na ukuta. Nimepata kupumzika. Kahawa au chai?"

"Kahawa, mkazamjomba. Nimekuja nisikie mwenyewe. Naomba ile spika."

Spika ilikuwa pale pale juu ya kabati, moja, nyeusi, kubwa kama ndoo ya maji, ile ya kuunganisha na simu bila waya. Hotmaida akaiwasha. Dameria akacheza video kupitia simu ya mjomba. Mchungaji akanguruma hadi glasi zikatetemeka. Kisha akaja mjomba, na nyumba ikajaa ngoma tupu.

"Umeona?" mjomba akaiambia kalenda.

"Nimeona, Mjomba. Ni kweli. Nisamehe nilipobisha."

Mjomba akageuza shingo kidogo. Hakutegemea hilo.

Dameria akafungua kompyuta mezani, akacheza faili lile lile kwa spika zake mbili ndogo za pembeni. Sauti ikatoka, lakini nyembamba, ya kinyonge, kama mtu anaongea upande wa pili wa ukuta. Hotmaida akainama mbele ya kompyuta, akahamia kushoto, akahamia kulia.

"We! Nikikaa hapa namsikia, nikikaa hapa anapotea. Kama vile akiitwa kuosha vyombo."

"Hotmaida!" alisema mjomba.

"Nasema ukweli. Njoo usikie."

Dameria alichomoa kwenye mkoba spika zake za masikioni, zile za waya, akampa mjomba. Mzee akaziangalia kama anaangalia dawa, kisha akazitia masikioni zote mbili. Dameria akacheza. Uso wa mjomba ukabadilika. Akainua kidole.

"Nipo!"

"Unasikika?"

"NIPO!" alipiga kelele, kama wapigavyo watu wenye masikio yaliyozibwa. "LAKINI MBONA NINAONGEA NYUMA YA KISOGO CHANGU?"

"Nyuma vipi?"

"NYUMA! KAMA NIMESIMAMA PALE DIRISHANI NAJISEMEA MWENYEWE!"

"Hebu na mimi," alisema Hotmaida, na bila kungoja ruhusa alimchomoa mumewe spika moja sikioni, akaitia kwake. Wakakaa hivyo, vichwa vimekaribiana, waya mmoja kati yao. "Mbona mimi namsikia vizuri tu? Yuko hapa hapa."

Mjomba akakunja uso. "Sasa hata kwangu nimekuja mbele. Umefanya nini, Dameria?"

"Sijagusa kitu."

Na kweli hakuwa amegusa kitu. Alikuwa ameshika kikombe cha kahawa. Akakiweka chini.

Sikio moja moja, kila mmoja anamsikia, na vizuri. Masikio mawili, anasikika lakini amekaa vibaya. Spika moja kubwa, hayupo kabisa. Kwa hiyo sauti haikuwa imepotea, na wala faili halikuwa limeharibika. Zilikuwapo sauti mbili, ya kushoto na ya kulia, kila moja nzima peke yake, na zikikutana zinauana.

Akaifungua programu, akaukuza ule mstari wa sauti wa hotuba mpaka mawimbi yakawa mapana kama vilima vya huko kwao. Mstari wa kushoto juu, wa kulia chini. Alishawahi kuviangalia vile vilima mara nyingi, lakini alikuwa anatazama kama vipo, si namna vilivyokaa. Sasa alitazama. Pale ambapo wa kushoto ulipanda, wa kulia ulishuka. Pale ambapo wa kulia ulipanda, wa kushoto ulizama, kwa kiasi kile kile.

"Mjomba," alisema taratibu, "siku ile wewe nilikurekodi tofauti na wengine. Unakumbuka nilikwenda kwa wale vijana wa muziki?"

"Nakumbuka ulikuwa unapitapita mbele yangu na waya."

"Wengine wote niliwarekodi kwa simu, hewani tu, na upepo na watoto na kila kitu. Wewe nilisema hapana, huyu ni mjomba, sauti yake iwe safi. Nikaomba waya kwenye mashine yao ya maikrofoni, nikauchomeka moja kwa moja kwenye kinasa sauti changu. Halafu kwenye video nikaizima sauti ya simu, nikaacha hiyo ya waya peke yake na ngoma kwa chini."

"Sasa?"

"Sasa ule waya haukuwa wa kinasa sauti kama changu. Ni waya wa mashine kubwa. Wenyewe unapeleka sauti moja kwa njia mbili, na njia ya pili huigeuza kinyume. Mashine kubwa inajua kuigeuza tena. Kinasa changu hakijui. Kimezichukua zote mbili kama zilivyo."

Mjomba alikuwa anamtazama kama anavyomtazama mchungaji anapofika kwenye Kiyunani. Dameria akainuka, akaenda kwenye mlango wa chumbani.

"Mkazamjomba, simama upande ule. Mimi nakaa huku. Mimi nikisukuma mlango, wewe usukume uje kwangu. Nguvu sawa."

Wakasukuma. Mlango ukasimama pale pale, ukilia bawaba.

"Umeona, Mjomba? Watu wawili tunafanya kazi, na mlango hauendi popote. Ukivaa zile za masikioni, kila sauti ina mlango wake, hazikutani. Ukiwasha spika moja, zote mbili zinapita mlango mmoja."

"Na mlango ni mimi."

"Ndiyo."

"Na mchungaji?"

"Mchungaji nilimrekodi kwa simu."

Mjomba akahesabu kwa vidole. "Kwa hiyo mlevi wa Porsea kasikika kwa sababu hukumjali, na mimi nimekuwa bubu kwa sababu ya heshima."

"Ndivyo ilivyo, Mjomba."

Hotmaida alikuwa ameketi kwenye mkono wa kochi, anafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya sarongi. Mjomba alimwangalia kwa ukali, kisha mdomo wake mwenyewe ukaanza kumsaliti pembeni.

Kurekebisha kwenyewe hakukuwa kazi. Dameria aliufuta mstari wa kulia, akauchukua wa kushoto, akaunakili pande zote mbili. Akacheza kipande kidogo kwanza kwa spika za kompyuta: sauti ilikuja katikati, nene, mbele ya uso. Kisha akaanza kuitoa video upya, nzima, na kompyuta yake haikuwa na haraka. Hotmaida akaleta ndizi za kukaanga. Mjomba akavaa shati. Akauliza habari za Sahat, kama kule Batam wanakula vizuri, na kama amepata mchumba au bado anachumbia vyuma. Akauliza mambo mengi, ila hakuuliza habari za dada yake.

Faili lilipokamilika, Dameria akalihamishia kwenye simu ya mjomba, akaiunganisha na ile ndoo nyeusi. Mchungaji. Diwani. Kisha:

"Horas kwenu nyote mliofika!"

Mbwa wa jirani akabweka. Mjomba akajiinua kwenye kiti kama anayeitwa.

"Hiyo ndiyo sauti," alisema. "Hiyo ndiyo sauti ya Tampubolon. Ongeza."

Hotuba ilikuwa ndefu. Alianza na mababu, akashuka nao mmoja mmoja, akapita kwenye bei ya saruji na uvivu wa vijana. Mjomba alikuwa akiitikia hotuba yake mwenyewe kwa kichwa. Hotmaida alikwenda kutazama wali akarudi, na mababu walikuwa bado hawajaisha. Halafu kwenye kioo mjomba akaikunjua ile ulos, akaishika kwa mikono miwili, na sauti ikashuka.

"Jonggi," alisema yule wa kwenye video. "Nilikuita dereva, nawe ukaniitikia. Ulikuwa na adabu kuliko mimi. Leo nakufunika kwa mikono yangu, shemeji. Shemeji yangu. Dada yangu hakupanda gari baya."

Kisha kikafuata kitu ambacho watu waliokuwa nyuma siku ile hawakukisikia, lakini waya ulikichukua chote: pumzi iliyokatika, kamasi iliyovutwa, na mzee mzima akijaribu kusema "baraka" akashindwa, akajaribu tena.

Mjomba alinyoosha mkono akaizima spika.

"Hapo kata," alisema.

"Nikate nini?"

"Hapo. Kuanzia dereva hadi baraka. Acha mababu, acha saruji. Hapo pakate. Nalia kama mwanamke aliyeibiwa kuku."

"Mjomba, jana umesema nimekunyang'anya fungu lako."

"Sasa nakurudishia kipande."

"Fungu likishagawiwa halirudi sufuriani," alisema Hotmaida. Hakuwa anacheka sasa. "Uliyasema mwenyewe, hukushikiwa panga."

"Niliyasema pale, kaburini. Maneno ya kaburini yanabaki kaburini. Hii itakwenda Batam, itakwenda Jakarta, watu wanile nyama kwenye vilabu vya tembo. Mpwa wangu, kata."

Dameria aliutazama mkono wake uliokuwa juu ya kompyuta. Lilikuwa jambo la kubonyeza mara mbili. Na mjomba alikuwa na haki ya kuomba, maneno ni yake.

"Nitakata ukitaka," alisema. "Lakini ujue kitu kimoja. Mama hajasikia."

"Hajasikia nini?"

"Hayo. Ulipokuwa unasema, yeye alikuwa amelazwa ndani, kizunguzungu. Watu walimwambia, hakuamini. Akasema atasubiri video. Ameitazama kwa simu yake, na simu yake ni kama hiyo spika yako. Ameona unafungua mdomo tu. Sasa anasema hukusema, na sisi tumekufuta ili kumficha."

Mjomba alichukua paketi ya kretek, akatoa moja, hakuiwasha. Nje mvua ilikuwa imeanza tena, na Hotmaida alitoka kwenda kuanua nguo. Alirudi na kikapu, akakuta wale wawili bado wamekaa vile vile.

"Nilidhani alikuwepo," mjomba alisema mwishowe. "Nilikuwa nasema huku namtafuta kwa macho. Nikajiambia labda amegeuza uso, kwa hasira. Nikasema potelea mbali, nitamalizia." Akaiweka sigara mezani. "Na hakunipigia simu hata siku moja baada ya pale. Nikasema basi, amesikia na amekataa."

"Hakusikia, Mjomba."

"Acha kama ilivyo," alisema. "Usikate. Ila pale kwenye kamasi punguza, kama mashine yako inaweza."

"Inaweza."

"Kidogo tu. Mtu ajue nililia, asijue nililia kiasi gani."

Dameria alipunguza kamasi.

Alifika Balige saa kumi na moja kasoro, ameloa hadi magotini, kompyuta kavu. Mama alikuwa uani, amechuchumaa kwenye beseni, anaparua magamba ya samaki aliyenunua sokoni. Dameria hakueleza habari ya mlango wala ya waya. Aliweka simu ya mama juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaisogeza video mpaka kwenye ulos, akarudi nyuma akasimama.

Mama aliendelea kuparua. Kisu kikaenda, kikarudi. Sauti ya kaka yake ikatoka kwenye kile kispika kimoja kidogo, ikiwa na makwaruzo, lakini wazi. Kwenye "dereva" kisu kikaenda polepole. Kwenye "shemeji" kikasimama. Magamba yalikuwa yamemganda hadi kwenye viwiko.

"Rudisha," alisema.

Dameria akarudisha.

"Rudisha tena. Anza kwenye Jonggi."

Alisikiliza mara nyingi. Kisha akanawa mikono, akaikausha kwenye sarongi, akaichukua simu akapiga mwenyewe. Hakuondoka kwenda mbali, na simu ilikuwa kwenye sauti ya juu kwa sababu sikio lake la kushoto halikuwa zima, kwa hiyo Dameria alisikia pande zote mbili.

"Kaka."

"Ehe."

"Nimesikia."

Upande wa pili ukakaa kimya, mpaka Dameria akawaza, Mungu wangu, na simu nayo?

"Umesikia yote?" mjomba akauliza.

"Nimesikia. Ulikuwa unaongea kama mtu aliyekwamwa na mwiba."

"Nilikuwa na mafua."

"Ulikuwa na mafua." Tiominar alivuta pumzi, ikatoka vipande vipande. "Gari halikuwa baya. Ila breki, Kaka. Breki zilikuwa mbovu tangu mwanzo. Siku ile tulipotoroka tulisimamishwa na mti."

Mjomba alicheka. Kilikuwa kicheko cha ghafla, kilichomtoka kabla hajakizuia, na Tiominar naye akacheka, na huku anacheka akawa anajifuta macho kwa mkono uliokuwa bado unanuka samaki.

"Hukuwahi kuniambia," mjomba alisema.

"Uliniuliza lini?"

Wakaongea mpaka chaji ikaisha. Dameria aliwaacha, akaenda kumalizia samaki.

Usiku ule alilifuta lile faili bovu kwenye kundi la ukoo, akaweka jipya, akaandika kwamba kosa lilikuwa lake, la waya, na si la mtu mwingine. Mlevi wa Porsea ndiye wa kwanza kujibu. Aliomba atumiwe kipande chake peke yake.

Jumapili, baada ya kanisa, mjomba Mangatas alikuja na Hotmaida kwa gari la kukodi. Walipanda wote kilimani kwenye kaburi. Mjomba alibeba maji, Tiominar akabeba ufagio. Hawakuzungumza habari ya video hata kidogo. Walipofika, mjomba alilizunguka kaburi mara moja, mikono nyuma, akainama, akagonga kigae kwa kidole.

"Nani alipiga hivi vigae? Hiki kina hewa chini. Mvua mbili tu kitatoka."

"Fundi wa hapa hapa. Mzuri."

"Mzuri wapi? Sikiliza." Akagonga tena.

"Mimi sisikii kitu," alisema Tiominar.

"Sogea huku. Sikiliza. Hiki kinasema to, hiki kinasema ti."

Tiominar akachuchumaa kando ya kaka yake, akatega sikio lake zima. Wakaanza kugonga kigae kimoja kimoja, wakibishana, wakilizunguka kaburi upande wa mashariki, huku Dameria na Hotmaida wakifagia majani ya misonobari.